Muhammed Said Abdulla

Muhammed Said Abdulla (25 Aprili 1918 – 1991) alikuwa mwandishi wa habari na mtunzi wa riwaya kutoka Zanzibar, nchini Tanzania. Jina lake huandikwa pia Mohamed Said Abdulla. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika lugha ya Kiswahili na kama mtunzi aliyemuumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wamemfahamu tangu mwaka 1960.

Aliingia katika fasihi kwa njia ya mashindano. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957–58. Wakati huo alikuwa anakaribia umri wa miaka 40 na alikuwa amekwisha kufanya kazi magazetini kwa miaka kumi, lakini kama mtunzi wa riwaya alikuwa bado mgeni.

Maisha ya awali

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi inajulikana kwa sherehe za Mwaka Kogwa na kwa lahaja yake ya Kimakunduchi, inayoitwa pia Kikae, ambayo ni tofauti kabisa na Kiunguja cha mjini. Tofauti hiyo ina maana katika habari za mwandishi huyu. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa na kazi ya kukisimamia katika vitabu. Mtu wa Makunduchi aliyesoma shule, akafanya kazi za serikali na kisha za gazeti, alikuwa anaishi kati ya namna mbili au tatu za kusema Kiswahili, na kila siku alikuwa akisikia zinavyopishana. Wahakiki wanaosifu masikio ya Abdulla kwa mazungumzo ya watu mara nyingi hawasemi masikio hayo yalikulia wapi.

Alimaliza masomo mwaka 1938. Baada ya hapo aliajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi, akaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu asiowajua, huuliza maswali na hutazama mambo ambayo wenye nyumba wasingependa yatazamwe. Bwana Msa naye hufanya hivyohivyo.

Kazi ya gazeti

Mwaka 1948 aliacha idara ya afya na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Majina hayo yakiwekwa pamoja yanashangaza kidogo. Al Falaq, lililoanza mwaka 1929, lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu, lililoanza mwaka 1948, lilikuwa upande wa Waafrika na lilipingana na mengi yaliyoandikwa na Al Falaq. Miaka ya 1950 ilikuwa wakati wa ugomvi mkali wa magazeti visiwani; mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya yaliyoandikwa katika gazeti lao, na mwaka 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama. Mtu aliyefanya kazi pande zote mbili bila shaka alijifunza kwamba jambo moja linaweza kusimuliwa kwa namna mbili na kila msimulizi akaapa kuwa anasema kweli.

Mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, na alibaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo riwaya yake ya kwanza ilichapishwa, na ya pili kuandikwa, wakati kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhariri habari za kilimo.

Mahali pa kuchapisha hadithi kabla ya 1960

Ili kuelewa kwa nini mashindano ya 1957–58 yalikuwa na uzito, ni lazima kutazama ni wapi mwandishi mpya wa Kiswahili angeweza kupeleka hadithi yake wakati huo. Mahali palikuwa pachache.

Gazeti lililosomwa zaidi Tanganyika lilikuwa Mambo Leo, lililoanzishwa na idara ya elimu mwaka 1923. Lilipokea barua, habari za wilayani na hasa mashairi. Washairi wengi walianza kujulikana humo, akiwemo Shaaban Robert. Zanzibar walikuwa na Mazungumzo ya Walimu, jarida la walimu lililoanza mwaka 1927. Magazeti ya siasa yalikuwa na nafasi ya makala, hoja na majibu ya hoja. Shairi la beti kumi liliweza kuingia katika ukurasa wowote wa magazeti hayo, lakini hadithi ndefu ya kubuni ilikuwa shida kwa mhariri: ilichukua nafasi, ilihitaji kukatwa vipande, na haikuwa habari wala mafunzo.

Vitabu vya hadithi za nathari navyo kwa muda mrefu vilikuwa tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, ilitoka mwaka 1929, na nyingine za Kiingereza zikafuata kwa ajili ya shule. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka mwaka 1934. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, lakini yeye alikuwa amekwisha kuwa jina kubwa katika ushairi. Mtu asiye na jina, mwenye hadithi ya kusisimua tu isiyofundisha usafi wala uchumi, hakuwa na mlango wa wazi wa kubisha.

East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948 chini ya serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, ikiwa na makao makuu Nairobi. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Charles Richards, aliyekuwa na uzoefu wa kuuza vitabu vya misheni. Kazi yake ilikuwa kutafuta miswada katika lugha za wenyeji, kuihariri na kuichapisha yenyewe au kuitafutia mchapishaji. Ilikuwa taasisi ya serikali yenye mipaka yake, na haikupenda maandishi ya siasa kali. Hata hivyo ilifanya jambo ambalo magazeti hayakuweza: iliwaita watu wasiojulikana walete hadithi nzima, ikazisoma, ikatoa tuzo, kisha ikachapisha.

Mzimu wa Watu wa Kale

Hadithi iliyoshinda ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mwaka huohuo East African Literature Bureau ilichapisha pia Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, Mzanzibari mwingine, kwa hiyo wengine huuhesabu mwaka 1960 kuwa mwanzo wa riwaya ya kisasa ya Zanzibar. Vitabu hivyo viwili havifanani. Cha Farsy kinaeleza maisha na mila za kijijini kupitia ndugu wawili pacha. Cha Abdulla kinaanza na maiti.

Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa amekufa mahali panapoitwa mzimu wa watu wa kale, ambapo watu hupeleka sadaka na kuweka nadhiri. Kwa wanakijiji wengi mahali penyewe ni jibu la kutosha: aliyekufa mzimuni ameuawa na mzimu. Bwana Msa haridhiki. Anaingia katika shauri hilo pamoja na rafiki yake Najum, na pamoja na Inspekta Seif wa polisi, ambaye kwa kawaida hufikia uamuzi mapema mno.

Mtindo wa kitabu unatokana waziwazi na hadithi za Sherlock Holmes za Arthur Conan Doyle. Kiko kipo, rafiki anayestaajabu yupo kama Daktari Watson, na askari anayekosea yupo. Walakini Bwana Msa si Mwingereza aliyevalishwa kanzu. Holmes hutazama majivu ya sigara na matope ya viatu. Bwana Msa zaidi ya yote husikiliza. Anakaa barazani, anaamkia watu, anawaacha waseme mengi, kisha anakumbuka neno moja lililotoka vibaya. Hana bastola na hapigani. Katika kisiwa kidogo ambapo kila mtu anamjua mwenzake hadi babu yake, ushahidi mkubwa unapatikana katika nasaba, madeni, posa zilizokataliwa na maneno ya jikoni, na mpelelezi asiyejua adabu za kuzungumza na watu wazima hawezi kupata kitu.

Mzimu, Giningi na wasomaji wa mbali

Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitolewa na kampuni ya Evans Brothers ya London mwaka 1968, mwaka ambao Abdulla alistaafu. Katika imani za Waunguja, Giningi ni mji wa wachawi, mahali ambapo watu huambiwa wachawi hukutana. Kwa mara nyingine mwandishi anachukua jina linalotisha, anawaacha wahusika walitetemekee, kisha anamleta Bwana Msa aulize maswali ya kawaida: nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani alisema hivyo kwanza.

Hapa ndipo vitabu hivi vinapotoka Unguja na kuwagusa wasomaji wa mbali na bahari. Mfano mzuri ni Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, katika mkoa wa sasa wa Rukwa. Jina la mji huo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi, na kwa miaka mingi Wafipa wametaniwa na watu wa mikoa mingine kuwa ni mabingwa wa uchawi na wa kutuma radi. Utani huo ni wa kawaida mitaani, lakini tuhuma zenyewe si jambo la kucheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kipindi ambacho Mzimu wa Watu wa Kale kilikuwa bado kitabu kipya, Ufipa ilipitiwa na vuguvugu la Kamcape: vijana walienda kijiji kwa kijiji wakidai kuwatambua wachawi, wakachanja watu dawa na kuwalazimisha waliotuhumiwa kutoa vifaa vyao. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa wakati huo, aliliandikia vuguvugu hilo makala na akaonyesha jinsi tuhuma zilivyofuata ugomvi uliokuwepo tayari kijijini, hasa kati ya vijana na wazee.

Hilo linakaribiana sana na jambo ambalo Bwana Msa hulishughulikia. Abdulla hawadhihaki wanaoamini mizimu, wala hatoi hotuba dhidi yao. Wahusika wake wanaoogopa ni watu wenye heshima. Anachoonyesha ni kwamba hofu ya mzimu ni pazia zuri kwa mtu mwenye damu mikononi, na kwamba kijiji kikisema mzimu umeua, hakuna tena anayeuliza muuaji alilala wapi usiku ule. Pengine mkazi wa Ufipa aliyesoma habari hizi aliona kijiji anachokijua, ingawa minazi haioti huko.

Kitabu kilifikaje mahali kama hapo ni swali la maana pia. Reli ya tawi kutoka Kaliua iliishia Mpanda. Kutoka hapo hadi Sumbawanga ilibaki barabara. Maduka ya vitabu yalikuwa katika miji mikubwa. East African Literature Bureau ilikuwa na huduma ya kuazimisha vitabu kwa posta, na masanduku ya vitabu yaliyopelekwa sehemu zisizo na maktaba, na vitabu vyake vya Kiswahili vilisafiri kwa njia hiyo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba Tanganyika, na maktaba kuu ya taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Lakini njia iliyowafikisha Bwana Msa na Najum kwa vijana wengi zaidi ilikuwa shule, kwani riwaya za Abdulla zilitumika madarasani katika nchi za Afrika Mashariki.

Riwaya za miaka ya 1970 na 1980

Baada ya kustaafu Abdulla aliandika kwa kasi zaidi. Duniani Kuna Watu ilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Zote nne zilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi. Ya mwisho katika mfululizo wa Bwana Msa, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka 1984.

Katika vitabu hivi vya baadaye fumbo si lazima liwe mauaji. Siri za ukoo, mtoto asiyejua asili yake, mapenzi yaliyofichwa na ndoa zenye utata zinachukua nafasi kubwa, na msuko wa matukio unazidi kuwa mgumu. Msomaji asiyeandika majina pembeni huweza kupotea katikati ya kitabu. Wengi huona kwamba ufundi wake wa kupanga matukio ulikua kutoka kitabu hadi kitabu. Wengine hupendelea kile cha kwanza kwa sababu ya wepesi wake.

Lugha

Jambo ambalo wahakiki karibu wote wanakubaliana ni ubora wa lugha yake. Sentensi zake ni za mtu anayesimulia barazani: ndefu zinapotaka kuchelewesha habari, fupi zinapoitoa. Mazungumzo yamejaa mafumbo, misemo na mizaha ya Kiunguja, na mara nyingi fumbo la kesi limo ndani ya mchezo wa maneno. Majina ya vitabu yenyewe yanaonyesha tabia hiyo. Mke Mmoja Waume Watatu ni swali kabla ya kuwa hadithi. Ndiyo sababu walimu wa Kiswahili waliokuwa na wasiwasi na hadithi za upelelezi hawakuwa na wasiwasi na zake.

Nafasi yake katika fasihi

Mlango uliofunguliwa na Mzimu wa Watu wa Kale ulipitiwa haraka. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, pia kupitia East African Literature Bureau, akaihamisha hadithi ya uhalifu kutoka kijijini hadi Dar es Salaam yenye simu na magari. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi mwenye silaha anayefanya kazi ya taifa. Katika miaka ya 1970 na 1980 riwaya pendwa za namna hiyo zilikuwa nyingi sana Tanzania, na vijana walianza kuziandika bila kusubiri tuzo ya mtu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na baadhi ya hadithi hizo zikakusanywa vitabuni.

Zipo lawama pia. Vitabu vyake vilisomwa wakati ambapo wahakiki wengi wa Tanzania walitaka fasihi ieleze ukoloni, matabaka na Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964. Waandishi wa visiwani waliomfuata, kama Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Said Ahmed Mohamed katika Dunia Mti Mkavu (1980), walikwenda moja kwa moja kwenye mambo hayo. Katika ulimwengu wa Bwana Msa mkosaji ni mtu mmoja mwenye tamaa, na akishapatikana kijiji hurudi kama kilivyokuwa. Ni lawama ya haki, ingawa inasahau kwamba mtu huyu alikuwa ametumia miaka kumi katika magazeti ya siasa kabla ya kuchagua kuandika kitu kingine.

East African Literature Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na nchini Kenya kazi zake zilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Abdulla alifariki mwaka 1991. Riwaya zake zimechapishwa tena mara kadhaa.

Riwaya zake

Mzimu wa Watu wa Kale (1960)
Kisima cha Giningi (1968)
Duniani Kuna Watu (1973)
Siri ya Sifuri (1974)
Mke Mmoja Waume Watatu (1975)
Mwana wa Yungi Hulewa (1976)
Kosa la Bwana Msa (1984)